Jani la Mkaratusi

Jumapili, 8 Septemba

Mama mkwe ametangaza vita. Yeye kaiita chakula cha mchana.

Tulikuwa mezani kwake baada ya kanisa. Mimi, Verna mke wangu, na Colin Zerna, binamu yake Verna, ambaye hualikwa kila Jumapili kwa sababu hana mke na ana tabasamu. Mama Irma akaweka uma chini. Akasema magoti yake yamegoma, na lile shamba la juu, lenye mizabibu aliyoipanda babu wa babu yake, linataka mtu. Atampa yule atakayeleta kombe la mvinyo mwekundu kwenye meza hii. Kombe la maonyesho ya hapa hapa Steinfeld. Mengine hataki kusikia.

Shamba la juu! Mizabibu minene kama mapaja ya mcheza mieleka. Haizai sana, ila kinachotoka pale, bonde zima la Barossa linakijua. Marehemu baba mkwe ndiye aliyenifundisha kupogoa, na alinifundishia pale, baridi ikitung'ata masikio. Hakunicheka zaidi ya mara moja kwa siku. Nalitaka lile shamba. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomi mtu. Nalitaka mpaka naliota usiku.

Colin akasema sisi sote ndugu, ashinde aliye bora. Kisha akaniongezea viazi. Nyoka!

Tatizo dogo: mvinyo wangu una historia na majaji wa maonyesho haya. Mwaka juzi waliandika "upo." Neno hilo tu. Mwaka jana waliandika "hauna ubaya wowote mkubwa," nikafikiri tunapanda ngazi, kumbe ndio nilikuwa wa mwisho.

Njiani nikamuuliza Verna tufanyeje. Akasema nitengeneze mvinyo mzuri. Verna hajui siasa.

Jumatatu, 9 Septemba

Mungu yupo! Neville wa duka la pembejeo ameshikwa na mafua. Pua imeziba kabisa, hawezi kutofautisha kitunguu na waridi. Na Neville ndiye jaji mwanafunzi wa jopo la mvinyo mwekundu!

Nilikuwa kwa Bi Daphne, katibu wa maonyesho, kabla hajamaliza kifungua kinywa. Nikajitolea. Bi Daphne akauliza kama sina mvinyo wangu kwenye mashindano. Nikasema ninao, kama kila mtu bondeni. Tukiwakataza wenye mizabibu wasionje, nani ataonja, Wamethodisti wasiokunywa? Akanywa chai yake yote akifikiri. Kisha akasema haya, maana bilauri hazina majina, zina namba tu, na jaji mwanafunzi hana kura. Ana mdomo tu.

Mdomo ndio ninaoutaka.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekaa na kulitafakari. Jaji anaweza kuusifu mvinyo mpaka wenzake walegee. Lakini lazima ajue ni upi! Nikamwambia Verna animiminie bilauri tatu nikiwa nimefumba macho: mmoja wangu, mmoja wa Colin, na mmoja ule wa kupikia nyama.

Nikanusa. Nikazungusha. Nikaonja. Nikausimamia wa kwanza kwa maneno mazito, nikasema hapa ipo mikono ya bwana mkubwa. Ulikuwa wa Colin.

Tukarudia. Nikachagua wa kupikia.

Verna alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sikuona kichekesho. Baba hamchukii mwanawe kwa kuwa kamsahau sura. Anachohitaji ni alama.

Alhamisi, 12 Septemba

Alama nimeipata!

Kila mwenye mizabibu hapa anajua kwamba zabibu zilizo chini ya mikaratusi hunyonya harufu ya majani yake. Mvinyo unatoka na harufu ya mtu aliyejifukiza. Ndiyo maana mstari wangu wa mwisho, ule ulio chini ya miti mitatu mikubwa, sijawahi kuuchanganya na mingine. Mavuno ya mwaka jana zabibu zake zote nilimpa mama mkwe apikie ule uji wake mwekundu wa zabibu na sukari. Alizichukua kwa mkokoteni. Ukarimu wangu haujulikani vya kutosha.

Sasa fikiria: jani dogo la mkaratusi ndani ya mvinyo wangu. Harufu ya mbali tu, kwa pua inayoijua. Pua yangu! Bilauri zote zitakuwa zabibu tupu, moja tu itaniita kwa jina.

Nilikuwa chini ya mti nachuma wakati Colin alipopita na trekta. Akasimama. Akauliza, "Majani ya nini, shemeji?" Nikasema kifua kinanibana. Akanitazama mimi, akatazama majani, akatikisa kichwa polepole. Baada ya muda mfupi akarudi na supu ya kuku na asali. Alikuja kupeleleza. Supu ilikuwa nzuri, nimekunywa yote, lakini sidanganyiki.

Mama mkwe naye kapita kuazima faneli. Ya matango yake ya kuchachusha, bila shaka. Mtungi wa matango ndio maisha yake.

Ijumaa, 13 Septemba

Verna yuko kwenye mazoezi ya bendi na tuba lake, lile tarumbeta kubwa kuliko yeye. Nyumba nzima yangu peke yangu!

Heri aliyebuni vifuniko vya kusokota. Zamani za nta na kizibo ningetoa jasho. Nimefungua chupa zote za mashindano, nimemimina kwenye sufuria, nimetia jani moja. Nikanusa. Sikusikia kitu. Nikatia jingine. Kimya. Nikakumbuka kwamba tangu jana nimekuwa nikishika majani na huenda pua imezoea, lakini huwezi kuanza kuishuku pua yako siku ya kazi. Nikatia kitawi.

Nikaacha vilowane. Nikalala kidogo. Nilipoamka tuba lilikuwa tayari linasikika barabarani, Verna akirudi huku anapiga, kama anavyopenda. Nikarudisha mvinyo chupani mbiombio bila faneli, maana faneli iko kwa mama mkwe. Nikasokota vifuniko. Nikazipeleka chupa kwa Bi Daphne nikitembea kama mtu asiye na haraka.

Verna ameuliza kwa nini jiko linanuka kama wodi ya watoto. Kifua, nimemwambia.

Jumatano, 18 Septemba

Siku kuu! Naandika nikiwa na furaha na kichwa kizito kidogo.

Jopo letu ni watu watatu. Bi Rosalind Amory, jaji mkuu, kaja kutoka mjini Adelaide. Mrefu, mkimya, anamnusa mtu kabla hajamsalimia. Wa pili Mzee Gus Traub, mtengeneza mvinyo mstaafu, aliyeonja kila kitu bondeni isipokuwa maji. Wa tatu mimi. Tulivalishwa makoti meupe. Mbele yetu meza ndefu na bilauri zimepangwa kwa namba, na kila mmoja na ndoo yake ya kutemea.

Mimi sitemi. Babu yangu hakutema, baba yangu hakutema. Mvinyo ni jasho la mtu. Bi Amory alinitazama nikimeza ule wa kwanza, akasema, "Tema, Bwana Pannach, safari ni ndefu." Nikasema nimezoea. Mzee Gus akacheka ndani ya ndoo yake.

Bilauri za mwanzo hazikuwa na lolote. Zabibu, mbao, zabibu, siki. Kisha namba tisa.

Nilisimama. Kwa mbali, nyuma ya matunda meusi, hewa ya mkaratusi asubuhi baada ya mvua. Laini! Inakuja, inakwenda, inarudi. Nikaonja na machozi yakanilenga. Sikujua kwamba mimi ni mzuri hivi. Miaka yote hii wananiandikia "upo," kumbe nilikuwa nikikosa jani tu!

Wenzangu nao waliipenda. Ila waliipenda na namba ishirini na mbili pia, mvinyo safi, wa heshima, usio na kosa, wenye kuchosha kama mgeni asiyeaga. Bi Amory akasema kombe ni la moja kati ya hizo mbili. Akaniuliza jaji mwanafunzi anaonaje.

Mdomo ukafunguka. Nikasema namba tisa ni mvinyo wa mtu mwenye mikono ya mfalme. Mtu aliyevumilia. Mtu aliyedharauliwa na wakwe zake mwaka baada ya mwaka, akanyamaza, akafanya kazi, na sasa amesimama. Nikasema hayo yote yamo ndani ya bilauri, anayetaka aonje. Nikaonja tena kuwaonyesha. Bi Amory akaandika kila neno. Mzee Gus akafuta macho akasema sijawahi kuongea vile hata siku ya harusi yangu. Kombe: namba tisa!

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye bahati. Lakini zilibaki bilauri za mwisho za nishani ndogo, na ndipo nikafika namba thelathini na moja.

Ilinipiga puani kama mlango. Mkaratusi! Si hewa, si kwa mbali, bali mti mzima na mizizi yake. Mvinyo wa kuchua mgongo! Mzee Gus akakohoa. Na papo hapo nikaelewa kila kitu. Colin. Colin kwenye trekta. Colin akitikisa kichwa polepole. Ameiona siri yangu na ameiga! Ameweka majani kwenye mvinyo wake kama mpishi asiye na vipimo!

Kikulacho ki nguoni mwako.

Bi Amory alitaka kuupa alama za chini tuendelee, chai inapoa. Nikakataa. Nikasema huu si mvinyo mbaya tu, huu ni wizi. Mtu ametia majani. Ichunguzwe! Akasema kwa upole kwamba majani hutokea kwenye mavuno, tusimwaibishe mtu. Nikapiga meza. Nikasema sheria ni sheria, na Steinfeld isipochukua hatua leo, kesho watatia dawa ya meno. Nikapendekeza chupa zake zote zifunguliwe, na akikutwa na hatia afungiwe miaka mitatu. Bi Amory akaniuliza kama nina uhakika ndivyo ninavyotaka. Nikasema nina uhakika kama ninavyoijua mikono yangu.

Wakaleta chupa ya namba thelathini na moja, wakachuja kwenye kitambaa cheupe. Likatoka jani. Kisha jingine. Kisha kitawi. Nikapiga makofi.

Maskini Colin. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alhamisi, 19 Septemba

Bi Daphne amepiga simu. Alianza kwa kuuliza hali ya kifua changu. Habari husafiri hapa.

Kisha akasema wamefungua orodha ya majina, na kwamba namba thelathini na moja ni yangu.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamwambia avae miwani. Akasema amevaa, na kwamba kamati imepitisha pendekezo langu kama nilivyolisema: miaka mitatu. Aliongeza kwamba hawajawahi kumfungia mtu yeyote, hata sheria yenyewe hawakuwa nayo, wamelazimika kuiandika jana.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma muda mrefu. Mbwa akaja, akaninusa, akaondoka.

Kisha mwanga! Namba zimechanganywa! Wahudumu wamebadilisha bilauri. Thelathini na moja ni ya Colin, na tisa, ile tisa tukufu, ndiyo yangu. Si niliijua? Si nilitoa machozi? Baba hakosei mara mbili. (Ile ya jikoni haihesabiki.) Mshindi atatangazwa Jumamosi kwenye chakula cha usiku. Hapo kosa litaonekana mbele ya watu wote na watanipa kombe na kuniomba radhi.

Sijamwambia Verna. Naandika hotuba ya shukrani.

Jumamosi, 21 Septemba

Nitaandika kwa ufupi.

Ukumbi umejaa. Soseji za moshi, kabichi, keki ya chenga za siagi. Bendi imepiga, Verna na tuba lake mstari wa nyuma. Hotuba yangu mfukoni. Colin karibu yangu, na nishani ya fedha shingoni: namba ishirini na mbili ilikuwa yake. Nikashtuka kidogo. Kama ya Colin ni ishirini na mbili, basi ile thelathini na moja… Nikaacha kufikiri. Nilikunywa maji.

Bi Amory akapanda jukwaani. Akasema kwamba mwaka huu mvinyo wa kombe ulipata utetezi ambao hajausikia tangu aanze kazi, na angependa kuusoma. Akasoma. Mikono ya mfalme. Aliyevumilia. Alipofika kwenye "aliyedharauliwa na wakwe zake mwaka baada ya mwaka," nilikuwa nimeshainuka nusu, nafunga kifungo cha koti.

Akasema mshindi ni Bibi Irma Geier.

Mama mkwe akainuka na fimbo yake. Magoti aliyosema yamegoma yakapanda zile ngazi kama ya mbuzi! Akashika kipaza sauti. Akasema hajui nani aliyesema maneno yale, lakini ni kweli tupu: marehemu mama mkwe wake alimdharau miaka kumi na saba, na leo kwa mara ya kwanza kuna mtu ameliona kwenye bilauri. Watu walipiga kelele mpaka madirisha yakatikisika. Wanawake wengine walilia.

Kisha akaeleza. Zabibu alipewa na mkwe wake, za mstari wa chini ya mikaratusi, apikie uji. Alipoonja mbili tatu akaona ni dhambi kuzitia sukari. Akazikanyaga mwenyewe, akachachushia kwenye mtungi wa matango, akaazima faneli. "Na mkwe wangu yule pale," akasema, "mbona umesimama nusu? Simama mzima wakuone."

Nikasimama mzima. Wakanipigia makofi. Mzee Gus akapaza sauti kwamba huyo ndiye yule yule aliyejifungia mwenyewe miaka mitatu. Wakapiga zaidi.

Colin akanikumbatia. Akaniambia nisijali, shemeji, hata yeye aliwahi kusahau jani kwenye pipa. Mtu huyu hana mwisho.

Tuba la Verna lilipiga noti moja ndefu, ya chini kabisa, ambayo haikuwamo kwenye wimbo.

Jumapili, 22 Septemba

Mezani kwa mama mkwe, kama kawaida. Kombe lilikuwa katikati. Amelijaza matango.

Akasema alitoa ahadi na yeye ni mtu wa ahadi. Shamba ni la atakayeleta kombe kwenye meza hii. Basi, kombe ndilo hili na aliyelileta ni yeye. Kwa hiyo amejipa. Colin akampongeza kwa moyo wote na kuomba afundishwe jinsi ya kuchachusha kwenye mtungi. Mimi nilikula viazi.

Baadaye nikawa jikoni nafuta vyombo, yeye anaosha. Tulikuwa wawili tu. Kutoka dirishani linaonekana shamba la juu, na mizabibu imeanza kutoa vijani vidogo, vya rangi ile ambayo baba mkwe alikuwa akiita rangi ya msamaha. Nilisimama na sahani mkononi. Nilisikia uchungu, naandika hivyo hivyo.

Mama mkwe hakugeuka. Akasema, "Mkwe, miaka yote hii umepogoa pale na mzee. Alipokufa nikasubiri uje. Hukuja. Nikasema labda Jumapili ile mezani utaniomba. Hukusema kitu. Hata siku moja hujawahi kuniomba lile shamba. Mdomo unao, ukumbi mzima umeusikia."

Akanipa sahani nyingine. Akangoja.

Maji yalikuwa yakidondoka. Nilikuwa na maneno pale pale, mafupi, yamefika kwenye meno.

Halafu nikashtuka. Niombe! Kirahisi hivyo? Mwanamke aliyeficha mtungi wa mvinyo mwaka mzima, ananiambia niombe tu? Mtego wa wazi! Anataka nijishushe kisha anicheke mbele ya Colin. Nikasema, "Sahani hii bado ina mafuta, mama." Akaichukua, akaiosha tena.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Mezani alimwambia Colin kwamba kombe litakaa na matango mpaka mtu amshinde kwa matango. Matango yake yaliyashinda ya kina mama wote kanisani, na mnada wa kanisa, penye shindano la matango, ni mwezi ujao. Ameongea kwa mzaha. Mimi nimesikia masharti.

Miaka mitatu wamenifungia mvinyo. Matango hawakuyataja! Nimempitia mchungaji jioni nikajitolea kuwa jaji, amekubali, hana mwingine. Mitungi haina majina, ina namba. Nami nina mitungi yangu stoo tangu kiangazi, matango ya kawaida, yaliyopo.

Safari hii hakuna jani. Nimejifunza. Nimefikiri mpaka nikapata kitu ambacho hakuna mtu bonde zima anayekitia kwenye matango: karafuu. Moja tu kila mtungi. Labda mbili.

Nilimwomba Verna aninunulie kesho. Amesema atanunua pakiti mbili kwa pamoja, maana mama yake naye amemwagiza karafuu. Kwa ajili ya keki, bila shaka.